Mioyo Kumi na Miwili ya Kitambaa Chekundu

Tarver, Alabama
Jumapili, 21 Januari 1934

Dada Arvella,

Kaa chini kwanza. Kama umepakata mtoto, mshushe. Mama Lyle amekata mioyo!

Jana tulikuwa kwake wanawake tisa, tumelizunguka blanketi la viraka ambalo mimi nilidhani ni la kuuzwa kwa ajili ya paa la kanisa. Kila mmoja na sindano yake, na Dada Pinkie anasimulia kwa mara ya hamsini jinsi alivyong'olewa jino. Mara Mama Lyle akaingia chumbani kwake, akatoka na kifurushi, akakimwaga mezani. Mioyo kumi na miwili ya kitambaa chekundu, kipya, cha dukani, si cha mifuko ya unga. Pinkie akaliacha jino lake njiani. Wewe unajua, na marehemu mama yetu alijua, na kila mwanamke wa kanisa la Mlima Nebo anajua kwamba hapa kwetu hakuna anayethubutu kukata moyo wa blanketi mpaka posa iwe imekubaliwa. Ukiukata mapema unamwitia bi harusi mkosi. Na Mama Lyle ana mtoto mmoja tu wa kiume.

Akaisukuma mioyo yote mbele yangu. "Zettie," akasema, "mwenye mkono wa kazi hii ni wewe."

Basi Pinkie akaruka. "Haleluya! Miaka sita mtoto wa watu anasubiri!" Wakanikumbatia wote, mmoja akanichoma sindano begani kwa furaha. Mama Lyle alitabasamu tu, akasema tushone jamani, jua linakwenda. Kiraka cha katikati kimeachwa kitupu kama ilivyo desturi, maana jina la bwana na la bibi hushonwa mwisho kabisa, na kuliulizia kabla ya siku yake ni utovu wa adabu. Mimi niulize nini tena? Harusi ni Aprili.

Bascom mwenyewe hajaandika tangu Novemba, ila kadi ya Krismasi. Kazi ya kuhudumia abiria kwenye treni unaijua, leo Chicago, kesho New Orleans. Nimemweleza Baba. Ameuliza, "Amekuja kuniomba?" Nikamwambia atakuja. "Basi akija uniite," akasema, akaenda zake kwa nyumbu wake.

Nina furaha isiyo na mfano. Nimeshamaliza mioyo miwili.

Mdogo wako,
Zettie


Birmingham
2 Februari 1934

Zettie mdogo wangu,

Barua yako nimeipata ikiwa imefunguliwa. Clovis anasema bahasha ilichanika yenyewe. Mume wangu huyo anayeuliza chakula kiko wapi ilhali amekaa mbele ya sahani, lakini bahasha ya mke wake anaiona tangu mlangoni. Kwa hiyo usiniandikie mambo ya ndani sana, au yaandike kwa herufi ndogo zimchoshe.

Nina swali moja. Bascom mwenyewe, kwa mkono wake, kwa jina lako, amekuandikia kwamba anakuoa mwezi wa Aprili? Sikuulizi Mama Lyle alitabasamu vipi. Sikuulizi Pinkie aliruka juu kiasi gani. Nauliza kama yeye amesema.

Usishone yote kwanza. Sina la kukueleza zaidi, nakuomba tu kama dada yako. Fanya polepole. Jifanye kidole kinauma.

Watoto wanakohoa, moshi wa viwanda vya chuma unaingia mpaka kwenye maziwa. Msalimie Baba.

Arvella


Tarver
Jumapili, 11 Machi 1934

Arvella,

Nimekaa kuandika nikiwa na hasira, na sitangoja ipoe.

Jana tulimaliza pembe zote. Nilikuwa nimeshashona mioyo kumi na mmoja, na mshono wangu wewe unaujua, mtu hauoni hata akiutafuta. Mama Lyle akanipa kikaratasi kilichokunjwa. "Sasa la katikati," akasema. Nikakifungua mbele ya wanawake wote, nikiwa nimeshajiandaa kuona haya.

Kimeandikwa: Bascom na Genevieve, 28 Aprili 1934.

Nikasema, "Mama Lyle, umekosea jina."

"Sijakosea, mwanangu. Ni binti wa fundi cherehani wa Chicago. Anafundisha piano. Ile herufi ya kwanza uifanye kubwa, yenye mkia."

Yenye mkia! Arvella, mwanamke huyo amekula meza moja na mimi kila Jumapili kwa miaka sita. Nimemfulia mashuka alipovunjika nyonga. Alikuwa anajua tangu Januari, alijua wakati Pinkie ananikumbatia, alijua wakati naramba uzi niutie kwenye tundu la sindano, na akanyamaza kwa sababu hakuna mwingine Tarver anayeweza kushona moyo usikunjike. Amenishonesha blanketi la kumfunika mwanamke mwingine na mwanamume wangu! Wale wanawake wanane wakaziinamia sindano zao. Pinkie mwenyewe akajifanya anatafuta mkasi.

Nikakunja kikaratasi, nikachukua kofia yangu, nikatoka. Sikulia njiani. Baba aliposikia alitoa bunduki, akaitazama, akairudisha, kisha akaenda kupasua kuni ambazo hatuzihitaji mpaka giza likaingia.

Lakini Bascom si wa kulaumiwa, najua utasema vingine. Ni mama yake. Mama yake ndiye aliyemtafutia msichana wa piano. Bascom hawezi kumkatalia, hajawahi. Nimemwandikia leo asubuhi aseme neno moja tu, na mimi nitasimama naye hata kanisa zima likitutenga.

Zettie


Tarver
14 Machi 1934

Zettie mwanangu katika Bwana,

Nakuandikia kwa sababu mlango wenu haufunguki nikibisha, na mimi kwa mguu huu siwezi kusimama barazani kwa watu kama mwuza maziwa.

Kiburi hakikupendezi. Mimi sikukuahidi kitu. Nilisema una mkono wa kazi, na mkono unao, nilidanganya wapi? Kama watu walirukaruka nyumbani kwangu, walirukaruka wenyewe. Wewe ni msichana mwema na mchapakazi, na mwanangu alikuwa kijana mdogo alipoondoka, vijana husema mengi. Sasa ni mtu mzima. Anahitaji mke wa kumsimamisha mbele ya watu wa mjini.

Umebaki moyo mmoja na jina. Jumapili ya tarehe 22 Aprili blanketi litatundikwa kanisani kama desturi, waumini wapite walishike na kumwombea bi harusi. Siwezi kutundika kitu chenye tundu katikati. Njoo ulichukue ukamalizie kwenu kama huwezi kuniangalia usoni. Nimeliweka kwenye kiti cha barazani, limefunikwa.

Nakuombea kila siku.

Mama Hester Lyle


Kwenye treni, kusini mwa Cairo, Illinois
19 Machi 1934

Zettie mpenzi,

Naandika nikiwa nimesimama, abiria wamelala. Barua yako imenihuzunisha. Mama naye kaniambia umeacha kwenda kwake. Huyo siye Zettie ninayemjua mimi.

Hakuna aliyenilazimisha, usimsingizie Mama. Nilitaka kukwambia mwenyewe, uso kwa uso, nikifika. Ungenielewa, maana wewe hunielewa siku zote. Genevieve ni mke wa kule ninakoishi, mambo ya Chicago anayaweza. Wewe ni nyumbani. Hayo ni mambo mawili mbalimbali, na sioni kwa nini moja liliudhi lingine. Nikija kumwona Mama nitakaa barazani kwenu kama zamani, utanipa ile keki ya viazi vitamu, tutacheka. Kwangu mimi hakuna kitakachobadilika.

Nakuomba kitu kimoja, kwa ajili ya yote tuliyokuwa nayo. Limalize lile blanketi. Nimeshamsimulia Genevieve kwamba kwetu kuna fundi mmoja hana mfano, na ana hamu kubwa ya kuliona. Usiniangushe.

Wako siku zote,
Bascom


Birmingham
24 Machi 1934

Zettie,

Nimekuwa nikiianza barua hii tangu wiki iliyopita. Clovis yuko kazini zamu ya mchana, kwa hiyo nitasema yote.

Mwezi wa Oktoba nilikwenda stesheni kumpokea mama yake Clovis. Nikamwona Bascom. Hakuwa na sare, alivaa suti, na pembeni yake mwanamke mwenye koti la kijivu, yeye amembebea sanduku la kofia. Nilidhani atajificha. Hakujificha! Alivua kofia yake akasema, "Bi Arvella, huyu ni Bi Rollins, mchumba wangu." Akasema hivyo kama anayeniambia saa ni ngapi. Yule mwanamke akanipa mkono. Nikaupokea.

Nilimweleza Clovis jioni ile. Akasema nikikwambia nitakuwa mimi ndiye niliyekuvunja moyo, si Bascom, na hutanisamehe. Akasema nikae kimya. Nikakaa. Ndicho ninachojua kufanya katika nyumba hii, nimekifanya miaka tisa na nimekuwa bingwa wake.

Lakini si Clovis peke yake. Niseme ukweli wote. Barua zako zilikuwa zinanifurahisha. Kila ulipoandika kwamba Bascom amesema hivi, Bascom atafanya vile, nilizisoma nikiwa naosha vyombo, na nyumba ikawa na kitu cha kungojea. Sikutaka zikome. Naona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Nitukane. Usinyamaze tu.

Arvella


Tarver
30 Machi 1934

Arvella,

Miezi mitano!

Nilipokuandikia kuhusu mioyo ulikuwa umeshampa mkono bi harusi. Ukanijibu nijifanye kidole kinauma. Kidole! Ukaniacha nishone tisa zaidi, na kila moyo nikiuombea dua, mjinga mimi, kwa jina langu na lake. Mama Lyle si ndugu yangu, alinifanyia alichonifanyia kwa faida yake. Wewe ulikuwa unajiburudisha nami kama mtu anayesikiliza redio.

Wiki hii sina nafasi ya kukusamehe. Nina kazi. Nimelichukua blanketi barazani kwa Mama Lyle.

Ndiyo, nitalimaliza. Kila mtu amenisihi nilimalize, na yeye mwenyewe amesema nisimwangushe. Nitumie uzi mweupe wa kutarizi, ule mwembamba kuliko yote, vibonge sita. Hapa dukani hakuna. Utume kesho, hilo angalau unaweza.

Nimezitoa barua zake zote kwenye kopo la biskuti. Themanini na moja. Nimezipanga kwa tarehe, jambo ambalo sikuwahi kulifanya, maana nilikuwa nasoma ile mpya tu na kuifurahia. Ukizisoma kwa mfululizo, dada, ni kitabu kingine kabisa.

Zettie


Tarver
Jumatatu, 23 Aprili 1934

Zettie Mayfield,

Mimi ni Mama wa kanisa la Mlima Nebo kwa mwaka wa kumi na nane. Nimevaa nyeupe na kukaa kiti cha mbele tangu wewe unanyonya. Sijawahi kufanyiwa nilichofanyiwa jana, na sikufanyiwa na mlevi wala mpagani, nimefanyiwa na wewe.

Macho yangu unayajua. Uliponiletea limekunjwa, nikaligusa tu, nikaona jina katikati, kubwa, limenyooka. Nikalisifu! Nilisimama mbele ya kanisa zima, mkwe wangu mtarajiwa yuko kiti cha pili na glavu zake, nikalisifu dakika tano. Nikasema hii ndiyo kazi ya mtu aliyesamehe. Na wewe umekaa nyuma na baba yako, hukutikisa hata kope.

Akapita Pinkie wa kwanza kulishika, na Pinkie mdomo wake hauna mlango. Akasogeza uso, akasema, "Jamani, kuna maneno humu! Kila moyo una andiko!" Akasoma kwa sauti ile yake. "Tarehe 3 Septemba 1928. Mwaka ujao wakati kama huu utakuwa mke wangu." Akasema Amina! Alidhani ni neno la nabii. Akasoma wa pili. "Tarehe 8 Septemba 1929. Mwaka ujao wakati kama huu utakuwa mke wangu." Wa tatu, 1930, maneno yaleyale. Kufika wa nne kwaya walikuwa wamesimama ili waone. Kufika wa sita, ule wa "usimsikilize mwanamume mwingine, mimi nimeshakuchagua mbele za Mungu," watu wakaanza kucheka, Zettie. Walicheka kanisani. Mwanangu ameinama anatazama kofia magotini, na shingo yake imelowa jasho kama mtu wa shambani.

Ndipo yule binti akainuka. Akaenda mbele, akasoma yote kumi na miwili mwenyewe, kidole juu ya kila mstari. Kisha akamwuliza Mchungaji Dossett treni ya Chicago inapita saa ngapi. Mchungaji akatangaza wimbo, hakuna aliyeimba.

Umemwaibisha mtoto wangu kwa maneno yake mwenyewe. Ulikuwa na haki gani ya kuyaonyesha? Barua za mtu ni siri. Mtu mwenye heshima angezichoma.

Usikanyage tena kwangu.

Hester Lyle


Chicago
26 Aprili 1934

Bi Mayfield,

Hunijui, na mimi niliambiwa kwamba wewe ni fundi wa kanisa, mwanamke wa makamo. Nilikuletea zawadi ya mkasi mzuri kwa kazi uliyonifanyia. Bado uko kwenye sanduku langu.

Moyo wa tisa unasema, "Wewe tu ndiye ninayemwona nikifumba macho," tarehe 13 Novemba 1932. Ninayo barua yangu yenye sentensi hiyohiyo, ya tarehe 15. Nadhani aliiandika kwanza kwako, akaipenda. Kwa hiyo Jumamosi hii siolewi, na baba yangu anawaandikia watu mia moja kufuta mwaliko.

Usijipongeze. Nina hasira na Bascom ambayo sitaimaliza mwaka huu, lakini nimebakiza nyingine kwa ajili yako. Jina langu ulilijua tangu Machi. Mtaa wetu Bi Lyle alikuwa nao kwenye karatasi. Stempu ni senti tatu. Ungeweza kuniandikia barua, nikaisoma chumbani kwangu mlango umefungwa, nikalia kama mtu. Badala yake niliyasoma mbele ya watu mia mbili nisiowajua, nikiwa nimevaa kofia mpya, wakinitazama usoni waone nitafanya nini. Aibu yake haikukutosha mpaka uichanganye na yangu.

Na herufi yangu uliishona vizuri kuliko nilivyowahi kuiona popote. Hilo ndilo silielewi.

Genevieve Rollins


Tarver
1 Mei 1934

Bi Rollins,

Umesema kweli. Nimetafuta namna ya kujitetea siku mbili na sina.

Sikukufikiria kama mtu. Kwangu ulikuwa jina kwenye kikaratasi, na jina lile nililichukia, nikalishona vizuri kwa sababu sijui kushona vibaya. Kwa Bascom sijuti hata kidogo. Kwako najuta, na nitajuta. Wewe na mimi tulidanganywa na mtu mmoja, kisha nikakufanya wewe fimbo ya kumpigia.

Naomba radhi. Si lazima unijibu.

Zettie Mayfield


Chicago
8 Mei 1934

Zettie wangu,

Naona hasira zako zimekwisha sasa, na mimi zangu zimekwisha pia. Nimekusamehe. Sitakuficha, siku ile nilitamani ardhi ipasuke, lakini nilipokaa nikatafakari nikajiambia, tazama jinsi mwanamke huyu anavyonipenda! Kila neno langu amelitunza miaka sita. Genevieve alirudisha pete kwa posta, hata salamu hakuandika. Huyo hakuwa na mapenzi.

Kwa hiyo mambo yamekuwa kama Mungu alivyopanga tangu mwanzo. Mama atakasirika kidogo, kisha atazoea. Nimeshamwandikia Mchungaji Dossett, anasema Jumamosi ya mwisho ya Juni kanisa liko wazi. Blanketi nalo lipo tayari, ni jina moja tu la kubadilisha. Lifumue la kwake ushone la kwako, kwa mkono wako ni kazi ya jioni moja. Na yale maneno ya kwenye mioyo yaache hapohapo, si ni ya kwako?

Ulitaka nikuoe, nakuja kukuoa. Mwambie Baba.

Wako siku zote, kama nilivyosema,
Bascom


Birmingham
14 Mei 1934

Zettie,

Najua hujanisamehe. Pinkie ndiye anayeniandikia siku hizi, karatasi nne kila wiki bila nukta. Anasema Bascom amemwandikia kila mtu kwamba mnaoana Juni, kwamba wewe hutoki nje, na kwamba wanawake wa kwaya wameshagawana nani ataoka nini.

Sitakwambia ufanye nini. Nitakusimulia jambo ambalo hata Mama hakulijua. Asubuhi ya harusi yangu nilikwenda nyuma ya banda la kuku nikajiambia simtaki Clovis. Hakuwa amenikosea lolote. Simtaki tu. Kisha nikarudi jikoni kuwaambia, nikakuta keki sita mezani. Shangazi na Mama walikuwa wameamka alfajiri kuzioka, na sukari ilikuwa ghali mwaka ule. Nikazitazama zile keki, nikaenda kuvaa gauni. Nilikuwa na miaka kumi na minane, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba keki zinaweza kuliwa bila harusi.

Ndiyo maana nakuandikia kabla hawajaoka.

Ukimjibu ndiyo, nitakuja na watoto na nitakaa kiti cha mbele. Ukimjibu hapana, nitakuja na watoto vilevile, na sijui nitaondoka lini. Clovis ataisoma barua hii kabla haijatoka, kwa hiyo, Clovis, umesikia.

Dada yako,
Arvella


Tarver, Alabama
Jumapili, 20 Mei 1934

Bascom,

Barua yako niliipata posta Ijumaa ya wiki iliyopita, nikaisomea njiani. Nakwambia ukweli ili usije ukausikia kwa Pinkie. Nilifurahi. Kutoka posta mpaka kwenye daraja nilikuwa mwanamke mwenye furaha kuliko wote Alabama. Nilichagua hata gauni. Nilipofika darajani nikaisoma tena, nikafika pale unaposema umenisamehe, nikasimama kabisa katikati ya njia, na gari la mizigo likanipigia honi mpaka dereva akashuka kuniuliza kama naumwa.

Umenisamehe nini? Kusoma ulichoandika?

Unasema maneno ya mioyo niyaache kwa sababu ni ya kwangu. Si ya kwangu. Ungekuwa umeyaandika kwa ajili yangu usingeyatuma kwa mtu mwingine baada ya siku mbili. Unasema ni jina moja tu la kubadilisha. Nimeisoma sentensi hiyo mpaka imekwisha ladha. Ndivyo unavyotuona. Blanketi ni lako, na sisi ni majina ya katikati, mmoja anafumuliwa, mwingine anashonwa, na wewe umelala chini yake na joto lako.

Nilikupenda, Bascom, tangu nina miaka kumi na sita. Usije ukawaambia watu kwamba sikuwahi. Lakini ulikuwa unaniandikia maneno machache, mengine nilikuwa najaza mwenyewe. Ile subira nilisema ni yako. Ile huruma nilisema ni yako. Mwanamume niliyemsubiri ningemngoja miaka sita mingine, kama angekuwapo.

Kwaya nimewaambia leo asubuhi baada ya ibada, mimi mwenyewe, nikiwa nimesimama. Mama yako alikuwepo. Mchungaji amefuta tarehe. Kwa hiyo kila mtu anajua isipokuwa wewe, na sasa na wewe unajua. Sitaki kuolewa na wewe.

Najua utakuja kumwona mama yako, na mji huu una barabara moja. Ukinikuta njiani, vua kofia na uniite Bi Mayfield.

Zettie Mayfield